Nivushe, Dionisi

Shambani, ng'ambo ya Namawala
18 Februari 2024

Mdogo wangu Hilari,

Nakuandikia nimekaa juu ya dungu la kulindia mpunga, miguu inaning'inia, na chini yangu maji yameanza kuingia shambani polepole, kama mgeni anayeona haya kubisha hodi. Ukungu haujaondoka. Asubuhi za huku siku hizi huwezi kusema mbingu inaishia wapi na mbuga inaanzia wapi. Yangeyange wakiruka, unaona weupe umejitenga na weupe mwingine, basi.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua lakini misa hakosi. Balbina ameng'oka jino la mbele na sasa akiongea ni kama anapuliza moto. Anauliza kama mjomba wake wa Bukoba ana meno yote. Shemeji yako Amedeus yuko salama, amekarabati dungu, limekuwa imara. Mpunga umeshika vizuri, palizi ya kwanza tumemaliza.

Nashukuru ulikubali tuandikiane. Kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali: mmoja anaanza, mwingine anakata. Na huku mtandao haushiki mpaka upande kichuguu. Barua hizi nampa yeyote anayekwenda Ifakara mjini, naye anazipeleka posta. Zikichelewa usifikiri nimenuna.

Juzi nilivuka salama kuja huku. Maji ya mto yamejaa lakini hayana hasira.

Pasaka utakuja? Tangu mazishi hujakanyaga kwetu. Silaumu, nauliza tu.

Dada yako,
Kandida

*

Bukoba
20 Machi 2024

Shikamoo dada,

Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini maneno yote yalisomeka. Natumaini Mama anatumia ile dawa ya goti niliyotuma. Mwambie Balbina mjomba ana meno yote isipokuwa moja la nyuma, nalo siliringii. Huku mvua inanyesha kila siku, ziwa limekuwa rangi ya chuma. Wodi ya watoto imejaa, tunalaza wawili kitanda kimoja. Mimi ni mzima.

Pasaka sitaweza, zamu zimebana.

Sasa dada, nikuulize. Uliandika "nilivuka salama" ukaishia hapo. Hukusema umevushwa na nani. Teddy, binti wa baba mdogo, amenipigia kutoka dukani kwake. Anasema mji mzima unaongea. Anasema Mama Levina amepanda mtumbwi wa Dionisi.

Nilimwambia anakosea. Akaapa.

Dionisi yule yule aliyejaza watu na magunia ya mpunga mtumbwini Aprili ile, watu wakamwambia apunguze, akacheka. Dionisi aliyemzamisha Levina, mtoto wa miaka tisa, akatoka yeye mzima. Amemaliza kifungo chake Januari, sawa, sheria imesema. Lakini hakuna mtu pale kivukoni anayempa hata mzigo wa kuni avushe, na wewe, mama mzazi, unakwenda kukaa mtumbwini mwake kama malkia!

Teddy anasema ulipoulizwa ulijibu, "Ni imani yangu." Basi nielezee hiyo imani. Lakini usinijibu kwa katekisimu. Tulisoma wote, naijua. Nielezee kama unavyomwelezea mtu asiye na dini, maana huyo ndiye mimi sasa. Sikuwahi kukuambia waziwazi, nakuambia leo. Tangu Levina, siamini chochote.

Unamwachia nani kifo cha mtoto yule kwa bei rahisi namna hiyo?

Ni mimi,
Hilari

*

Shambani
25 Aprili 2024

Mdogo wangu Hilari,

Pasaka imepita sijakujibu. Barua yako nilikaa nayo. Nilikuwa naisoma nikiamia ndege, nikirusha udongo huku na barua iko kifuani, na kwelea kwelea wamenila sehemu nzuri ya shamba kwa sababu hiyo.

Mama hajambo. Balbina yuko kwake mjini, maji yamekuwa mengi mno kwa mtoto. Mbuga nzima sasa ni kioo. Mawingu yanapita chini ya dungu, milima ya Udzungwa imesimama kichwa chini, na jioni sheshe, wale swala wa mbugani, wanatembea pembeni kwenye maji ya magoti, wekundu, taratibu, bila kutoa sauti yoyote. Mtu ukiamka usingizini unaweza kufikiri umehama dunia.

Shemeji yako hayupo. Amekwenda Kiberege kwa kaka yake. Alisema, "Umepanda mtumbwi uliomuua mwanangu," akachukua shuka na panga. Sikukuandikia kwa sababu sikujua nitaandikaje.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Siku ile nilifika kivukoni nimechelewa. Mtumbwi wa mzee Fulgensi ulikuwa umeshaondoka. Dionisi alikuwa amesimama majini, amekonda, pondo la kusukumia mtumbwi mkononi, haiti abiria. Watu walikuwa wanazunguka njia ya mbali ya matopeni kuliko kupita mbele yake. Nilikuwa sijamwona tangu mahakamani. Nakuambia ukweli, nilimwendea nimlaani. Nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu Aprili ile; nilikuwa nayarudia nikipika, nikipalilia, nikisuka ukili. Nilifungua mdomo niyatoe.

Likatoka neno, "Nivushe."

Sijui lilitoka wapi. Hata mimi nililisikia kama limesemwa na mtu aliye nyuma yangu.

Akasema, "Mama Levina, siwezi."

Nikamwambia, "Hata mimi siwezi. Twende."

Akanishika mkono kunipandisha. Akanikalisha katikati. Tukaenda. Maji yalikuwa yametulia, mayungiyungi yamefunguka pande zote, mtumbwi unayapasua na yanajifunga nyuma yetu, hata hujui umetokea wapi. Nilikuwa naona uso wangu majini na sikuutambua. Tulipofika mahali pale mtumbwi ulipopinduka na Levina, yeye akaacha kusukuma. Mtumbwi ukawa unaelea wenyewe. Alikuwa analia bila kujifuta.

Nikamwambia, "Usiache pondo, Dionisi."

Akasema, "Mama, kuna kitu nimekaa nacho. Hakuna aliyeniuliza, na nilikosa mtu wa kumpa."

"Nipe."

"Alikuwa amekaa mbele, karibu na mimi. Alikuwa ananiuliza kama sheshe wanajua kuogelea. Nilimwambia anyamaze, nahesabu nauli. Ndilo neno lake la mwisho nililosikia. Hakuwa anaogopa, Mama Levina. Alikuwa anauliza tu."

Hilari, ni mara ngapi usiku nimelala nikimwona analia ananiita! Miaka miwili. Na mtu pekee aliyejua kwamba hakuwa analia ni yule ambaye hakuna aliyetaka kusema naye.

Unaniuliza imani yangu. Nitakuambia ilivyoanza upya, maana ile ya utotoni ilizama pamoja naye. Baada ya mazishi katekista alikuja akasema Mungu alihitaji ua bustanini kwake. Nikamwambia kama alihitaji ua angeomba, na nikamwonyesha mlango. Kwenye Baba Yetu nilikuwa nikifika kwenye mapenzi yake nanyamaza, wengine wanaendelea. Kisha siku moja nikiwa hapa peke yangu, kwenye ukungu, nikaanza kumtukana Mungu kwa sauti. Matusi ambayo sijui nilijifunzia wapi. Nilitukana mpaka sauti ikakauka. Ndipo nikashtuka kwamba muda wote huo nilikuwa nasema na mtu. Hakuna anayemtukana asiyekuwepo.

Hapo ndipo nilipoanzia. Si mahali pazuri, lakini ndipo.

Dada yako,
Kandida

*

Bukoba
21 Mei 2024

Shikamoo dada,

Mama amenipigia, amesema mpunga umeanza kuiva. Hakusema lolote kuhusu shemeji, na mimi sikumuuliza. Pole. Mimi ni mzima, ingawa nimepungua kidogo. Chakula cha kantini kimenichosha.

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana.

Dada, mtu akijikwaa hulitukana jiwe. Je, jiwe linasikia? Uliumia, ukapiga kelele, na binadamu akipiga kelele hutafuta uso wa kuupigia. Ninaliona hilo kila siku kazini.

Na kuna jingine. Wodini kwangu wanalala kina mama wawili, vitanda vimegusana. Wote wana rozari. Wote wanaomba sawasawa, hata maneno ni yale yale. Mtoto wa huyu anapona, wa yule anakufa. Aliyepona tunaambiwa ni Mungu. Aliyekufa tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu wenu hashindwi kesi hata moja! Mimi ndiye ninayefunga shuka lile. Ndiye ninayemwambia mama, na mama ananiangalia kana kwamba nina jibu mfukoni. Siwezi kumwabudu anayeshinda kila kesi namna hiyo.

Naogopa pia kwamba umefunga bandeji juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa. Nimeona vinavyokuwa vidonda vya namna hiyo.

Kuhusu Dionisi, bado siwezi. Lakini lile la sheshe nimelirudia kulisoma. Wiki ile Levina aliniuliza mimi swali lile lile kwa simu. Nilimwambia nitamjibu nikija likizo, tutakwenda wote kuwaangalia.

Wanaogelea, dada. Nimewaona nikiwa mdogo, wakivuka mto na vichwa vyao juu, mstari mzima.

Sina zaidi kwa leo.

Hilari

*

Shambani
23 Juni 2024

Mdogo wangu Hilari,

Tunavuna. Mikono imechanika na ninanuka majani ya mpunga hata nikioga. Maji yamerudi mtoni, yameacha mbuga inang'aa kama imepakwa mafuta. Mama ameletwa kwa pikipiki, amekaa kivulini anapepeta na kutoa amri. Balbina amepata jino jipya, limeota upande.

Shemeji yako amerudi. Nitakueleza, lakini kwanza nikujibu, maana nisipojibu sasa nitaona aibu baadaye.

La jiwe ni kweli. Nimelifikiri sana. Lakini Hilari, nilipomaliza kutukana nilikaa kimya, na kimya kile hakikuwa kitupu. Siwezi kukuonyesha. Ni kama kuingia chumba chenye giza ukajua kuna mtu humo, hajasema kitu, amekaa tu, naye amechoka kama wewe. Unaweza kusema ni upweke wa mama aliyefiwa. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo. Lakini ningekuwa najidanganya, ningejitengenezea Mungu mwenye majibu. Huyu hajaniambia kwa nini. Mpaka leo hajaniambia.

La kina mama wawili, sina jibu. Na padre akinipa jibu la hilo sitalipokea, nitajua anataka tu niondoke ofisini kwake. Usiache kukasirika, mdogo wangu. Nadhani hasira yako kwa ajili ya watoto wale ni safi kuliko sala zangu nyingi.

Ninachoweza kukuambia ni ninachoamini mimi, Kandida. Siamini kwamba Mungu alimzamisha Levina. Wala siamini kwamba alikuwa ng'ambo amekaa kivulini, anaangalia mtumbwi unapinduka. Naamini aliingia majini pamoja naye. Yule wa msalabani aliuliza kwa nini ameachwa, kama nilivyouliza mimi, na hakuna sauti iliyomjibu, na mama yake alikuwa amesimama pale pale. Kwa Mungu wa namna nyingine nisingekaribia hata ua wa kanisa. Huyu ninaweza kukaa naye, kwa sababu anajua kuzama ni nini.

Na kufufuka, utauliza. Naamini. Asubuhi nyingine naamini sana, namwona Levina ananitangulia kwenye nuru hii ya huku, nami sina wasiwasi. Asubuhi nyingine nashusha pondo na haligusi chini. Nasukuma hivyo hivyo.

Umesema kidonda hakijasafishwa. Hujakosea. Dionisi sijamsamehe yote. Kuna siku nikimwona nasikia ladha ya chuma mdomoni. Lakini nilikuwa nimekaa na laana yangu kama mtu aliyebeba mtungi, namlisha Balbina kwa mkono mmoja, kila kitu kwa mkono mmoja. Nilichoka. Kifo cha mtoto wangu sikukiuza kwa bei rahisi, sikukiuza kabisa. Nilimwambia Dionisi tukiwa bado majini: "Ulimuua kwa uroho. Nitalisema hilo mpaka nife. Na kesho utanivusha tena." Akasema, "Ndiyo, mama."

Sasa Amedeus. Wiki iliyopita nilikuwa kivukoni na magunia yangu. Nikamwona anashuka kutoka njia ya barabarani, shuka begani. Hakunisalimu. Alimwendea Dionisi moja kwa moja, na watu wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Mzee Fulgensi alianza kusogea aingie katikati.

Amedeus akasema, "Unabeba watu wangapi?"

Dionisi akasema, "Wanne tu, baba. Mizigo peke yake, safari nyingine."

"Nani anakuhesabia?"

"Najihesabia."

"Wewe hukujua kuhesabu." Wakatazamana. Kisha Amedeus akaweka shuka chini, akakaa juu yake, mgongo kwenye mti wa kufungia mitumbwi. "Nitakuhesabia mimi. Wewe na wengine wote hapa. Akiingia wa tano, mtumbwi hauondoki. Hata kama mvua inakuja, na hata kama ni mkwe wa diwani."

Tangu siku hiyo anakaa pale asubuhi hadi msongamano uishe, ndipo anakuja kuvuna. Wenye mitumbwi wananung'unika, abiria wanamletea uji. Yeye hamsalimu Dionisi, na Dionisi hamlazimishi. Jana jioni Amedeus alirudi akaniambia, "Sijafanya kwa ajili ya dini yako." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi nipe chakula." Akala, akalala, kwa mara ya kwanza sikumsikia akigeuka geuka.

Njoo umalizie mavuno nasi. Sitakupeleka kanisani kwa nguvu.

Dada yako,
Kandida

*

Ifakara
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Nyumba imepwaya tangu uondoke. Mama ameacha kikombe chako mezani hataki kioshwe, anasema kitaleta mgeni mwingine. Balbina anatembea akiwapima watu joto kwa kiganja kama ulivyomfundisha, na wote anawaambia wana homa. Amedeus anakushukuru kwa tochi.

Sikukuuliza ulipokuwa hapa, kwa hiyo siulizi sasa. Nasema tu nilichoona. Niliona umekwenda makaburini peke yako ukarudi na magoti ya suruali yamechafuka. Niliona tulipovuka ulishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, na hukumtazama Dionisi, na tulipofika ulimwambia, "Asante," kwa sauti ndogo sana. Baada ya wewe kupanda juu aliniuliza, "Kasema nini yule daktari?" Nikamwambia wewe ni muuguzi, na kwamba amesikia vizuri.

Sikukubadilisha mawazo. Sikutaka kukubadilisha, ingawa ningesema sitamani ningekuwa naongopa. Nilitaka tu ujue kwamba sijapotea. Kwamba mahali nilipo, nipo macho wazi.

Ulipokuwa umelala mchana ule juu ya dungu, upepo ukipita kwenye mabua, ulikuwa na uso wa ulipokuwa mdogo. Nilikaa nakuangalia muda mrefu. Nikasema jina lako, lakini si kwa kukuita wewe.

Kula vizuri.

Dada yako akupendaye,
Kandida

*

Bukoba
16 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Nimefika salama zamani, nimechelewa tu kuandika. Wasalimie wote. Mwambie Mama kikombe kioshwe.

Sijabadilika, usije ukawaambia wanajumuiya nimebadilika. Maswali yangu yako pale pale, hasa la kina mama wawili, na nakushukuru kwamba hukujifanya kulijibu. Nilipokuwa nikisoma barua yako ya Juni, niliona ni mara ya kwanza mtu wa dini ananiambia "sina jibu" na haondoki.

Leo asubuhi wodini kuna bibi ametoka kisiwani na mjukuu wake. Mtoto yuko kwenye oksijeni, kifua kimebana vibaya. Bibi hana mwenzake. Nilikuwa nabadilisha dripu, akanishika shati. Akasema, "Baba nesi, nisaidie kusali. Peke yangu sauti haitoki."

Nikamwambia, "Bibi, mimi si mtu wa sala. Nikuitie sista?"

Akasema, "Sijakuuliza wewe ni mtu wa nini. Nipe mkono."

Nikampa. Wagonjwa wengine walikuwa wanaangalia, na dirishani jua lilikuwa linaingia kwenye vyandarua vilivyokunjwa, wodi yote imekuwa nyeupe, kila kitu kimesimama. Alisali Kihaya, sikuelewa hata neno. Alikuwa anasema polepole, kama anamweleza mtu njia ya kufika nyumbani kwake. Alipomaliza hakuniachia mkono. Alinitazama, anasubiri. Nikaelewa kwamba kuna neno limebaki na kwamba ni langu.

Nikasema, "Amina."

Sijui nilimwambia nani, dada. Pengine nilimwambia bibi tu. Lakini nililisema, na sauti ilikuwa yangu.

Mtoto bado anapumua kwa shida. Ninaandika haya wakati wa chakula, bahasha iko tayari. Narudi wodini sasa.

Hilari